Uzi: Nimenunua fleti ya mkono wa pili Upanga, tunataka mtindo wa Kiskandinavia kwa milioni 14. Karibuni tushauriane

Mpangaji Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Baada ya kuwatajirisha wenye nyumba kwa muda mrefu, hatimaye na mimi nina mlango wangu. Fleti ipo Upanga, Dar, ghorofa ya tatu, jengo la miaka ya 70, vyumba viwili na sebule, mita za mraba 78, baraza linaangalia magharibi. Nimeuziwa na mzee aliyehamia kwa wanawe. Hati ya sehemu ya jengo imeshahamia jina langu, kwa hiyo tusimalize kurasa kwa "umehakiki mkuu?".

Nilichokikuta ndani: sakafu ni tarazo ya kijivu yenye punje nyeusi na nyeupe, ila sebuleni imefunikwa kapeti la plastiki lililogandishwa kwa gundi. Madirisha ya luva, baadhi ya vioo vimezibwa kwa plaiwudi. Kuta zina rangi ya mafuta, kijani chini na krimu juu, kama zahanati ya wilaya. Juu ya kila mlango kuna matofali ya matundu. Kabati za jikoni ni MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa), chini ya sinki zimevimba zinamomonyoka. Bafu ni marumaru za pinki. Soketi mbili kila chumba.

Mama watoto anataka mtindo wa Kiskandinavia. Mnaujua: kuta nyeupe, mbao zenye rangi changa, vitu vichache, taa za chini chini, mmea mmoja pembeni. Nami nimeupenda, ila mfukoni imebaki milioni 14 na ufundi uko humo humo. Fundi wa kwanza niliyemwita amepiga hesabu ya milioni 31: tarazo ing'olewe ziwekwe marumaru nyeupe zinazong'aa, dari ya jipsamu ya ngazi ngazi yenye taa za bluu, luva zote zitoke yaingie madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Nikamshukuru, nikampa nauli.

Swali: pesa ianzie wapi? Na vitu vya namna hiyo kwa bei ya kibinadamu tunavipata wapi, maana IKEA, lile duka la samani la Waswidi, hapa kwetu haipo?

Chuma Ulete

Milioni 14 Upanga ni rangi na mapazia. Kila la heri mkuu.

Fundi Randa

Hongera sana mkuu. Mimi ni seremala, nipo Keko, na nyumba za Upanga nimeingia nyingi.

La kwanza: usiguse tarazo. Narudia kwa herufi kubwa: USIGUSE TARAZO. Ile ni zege yenye punje za mawe, imemwagwa na kusagwa hapo hapo. Chini ya lile kapeti haijaenda popote. Unakwangua gundi, unaita watu wa mashine ya kusaga, wanaanza na jiwe la kukwaruza wanaenda hadi laini, halafu unapaka dawa ya kuziba vinyweleo. Waambie waishie kwenye mng'ao hafifu, wasikuwekee kioo. Ukilaza marumaru juu yake umeinua sakafu, milango yote lazima ikatwe chini, na umeongeza uzito kwenye jengo la watu. Na kwa rangi hiyo ya kijivu yenye punje, huo mtindo mnaoutaka umeshaanza bila kulipa senti.

La pili, mbao. Watu wakisikia Skandinavia wanatafuta mbao za kuagiza. Mbao yenyewe ni paini tu, na paini inatoka Mafinga, shamba la Sao Hill, malori yanashusha hapa kila wiki. Shida ya paini ya hapa ni unyevu. Inakatwa leo, kesho ipo sokoni, ukiigonga meza ikiwa mbichi baada ya muda inapinda na viungo vinaachia. Nunua mapema, ipange chumbani mwako kwa vipande vya kutenganisha hewa ipite kati, iache izoee hewa ya hapo wakati mafundi wengine wanaendelea. Ikija kurandwa itatulia.

Angalizo: ile yenye ukijani imetiwa dawa ya mchwa. Hiyo ni ya paa na uzio. Usiifanye meza ya kulia wala ubao wa jikoni, na wala usimwache fundi aipige msasa ndani ya nyumba bila kuziba pua.

Bi Nguzo

Fundi Randa kaongea vizuri, ila nyote mmeanza na mapambo. Mimi ni mhandisi, ngoja niwaharibie sherehe.

Ndugu Mpangaji, jengo la umri huo mabomba yake mengi ni ya chuma. Yanaota kutu kwa ndani mpaka tundu linabaki la kalamu. Fungua koki ya bafuni asubuhi: maji yakitoka ya kahawia kwanza halafu yanasafika, au ukifungua jikoni bafuni yanakata, jibu umelipata. Badilisha yote sasa, kuta zikiwa bado mbaya, weka mabomba ya plastiki ya PPR. Ukipaka rangi nyeupe leo, bomba likapasuka ukutani mwakani, utachimba ukuta mpya.

Umeme ni vivyo hivyo. Soketi mbili kwa chumba maana yake waya zilipimwa kwa redio na pasi. Leo una friji, mashine ya kufulia, heta ya maji, pengine na kiyoyozi. Mwite fundi mwenye leseni aangalie kama kuna waya wa arthi (wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) unaofika kweli kwenye kila soketi. Tundu la tatu kwenye soketi si ushahidi, nimeshafungua nyingi nikakuta halijaunganishwa na kitu. Mwambie aweke na breka inayokata umeme unapovuja. Kuoga kwa heta bila hiyo ni kamari.

Bafu: pinki si ugonjwa. Gonga kila marumaru kwa sarafu, zinazolia wazi ndani ndizo za kung'oa. Sakafu ya bafu ndiyo ya kutilia shaka. Baada ya kupaka dawa ya kuzuia maji, ziba tundu la sakafu, mwaga maji yafike kina cha vidole viwili, yaache mchana na usiku, halafu shuka ghorofa ya pili ubishe hodi uombe kuangalia dari yao. Jirani atakushangaa, lakini bora akushangae leo kuliko akuite mbele ya kamati ya jengo.

Na usivunje ukuta wowote ili "sebule na jiko ziungane" kabla hujajua ukuta huo unabeba nini. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inakupa sehemu yako, ila mifupa ya jengo ni ya wote.

Mpangaji Mstaafu

Dada Bi Nguzo umenitisha na umenisaidia kwa wakati mmoja. Maji ya asubuhi ni ya kahawia, naam. Nitaanza na bomba na umeme.

Msafiri wa Göteborg

Salamu kutoka kwenye baridi. Niko Sweden, ninaishi fleti ya miaka ya 60 na nimeshakarabati. Acheni niwaambie huo mtindo kwa nini uko vile ulivyo, kwa sababu picha za mtandaoni hazisemi.

Hapa Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Linapokuwepo lenyewe limelala chini, linapita dirishani kama fimbo. Ndiyo maana kuta ni nyeupe, madirisha hayana mapazia mazito, na sakafu ni ya mbao changa: kila mwanga unaoingia unatakiwa urudishwe urudishwe mpaka ufike jikoni. Manyoya ya kondoo juu ya kiti ni kwa ajili ya baridi, si urembo.

Mkuu wewe una tatizo la upande wa pili kabisa. Baraza linaangalia magharibi, Dar. Ukipaka nyeupe ile kali inayong'aa na sakafu ya marumaru nyeupe, kuanzia saa tisa alasiri utavaa miwani ya jua sebuleni kwako. Chukua akili yao, picha waachie. Akili yenyewe ni hii: jua hali ya hewa yako, halafu ondoa kila kisichofanya kazi.

Kwa hiyo kwako nyeupe iwe iliyovunjwa kidogo, yenye chembe ya kijivu au ya mchanga, na isiyong'aa kabisa. Luva baki nazo! Luva zinapitisha hewa zikiwa wazi robo tatu hata mvua ikinyesha, aluminiamu ya kusukuma inafungua nusu tu ya dirisha. Na yale matofali ya matundu juu ya milango ndiyo yanayoivuta hewa kutoka chumba hadi chumba. Aliyechora jengo lenu alijua anachofanya.

KibahaWazee

Mchango mdogo pembeni ya mada. Watu wanaongea kama Skandinavia tumeijua juzi kwenye simu. Kibaha pale Tumbi, shirika la elimu lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki: Denmark, Finland, Norway na Sweden. Tuliosoma pale tumelala kwenye mabweni yao. Na Nairobi, lile jengo la mikutano la KICC mchoraji wake alikuwa Karl Henrik Nøstvik wa Norway, akishirikiana na David Mutiso. Hakuna hata moja lililopakwa nyeupe likawekewa manyoya ya kondoo. Tuendelee na fleti.

Mtoto wa Umoja

Wazee wa Bongo, mimi niko Nairobi lakini huu uzi nimeusoma wote. Mimi nilinunua nyumba ya mtu South C nikaitengeneza kwa budget ya mwalimu. Vitu vyangu vingi nilitoa Gikomba, soko letu la mitumba: mashuka ya kitani na pamba nzito ya mitumba kutoka Ulaya, ukiyapata meupe yaliyofuliwa mpaka yakalainika unashona mapazia ya nyumba nzima. Nenda na mita yako, upime hapo hapo. Dar si mnazo Ilala na Karume? Hapo ndio IKEA yenu.

Ingine: usinunue seti. Ile seti ya kochi tatu-mbili-moja inajaza sebule na hakuna kitu Kiskandinavia hapo. Kochi moja refu, viti viwili vyepesi vya mbao, basi.

Chuma Ulete

Sawa, mimi naonekana mbaya, ila nani atakayeishi na kuta nyeupe akiwa na watoto wawili na vumbi la Dar? Miezi sita tu mikono ya watoto imechora ramani ya Afrika korido nzima.

Bi Nguzo

Chuma Ulete leo umesema la maana. Jibu lipo kwenye zile kuta za zahanati alizozikuta. Waliopaka mafuta chini walikuwa na sababu, inafutika. Fanya hivyo hivyo kwa rangi moja: mpaka usawa wa kiuno weka ile ya kuoshwa isiyong'aa, juu weka rangi ya maji ya kawaida ya kivuli kile kile. Hakuna atakayeona mpaka ulipo.

Lakini tahadhari, rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Lazima kuta zisuguliwe msasa mpaka ule mng'ao ufe, zioshwe, zipakwe rangi ya msingi ya kushikia, ndipo puti. Fundi akiruka hatua hiyo rangi inavuka kama ngozi iliyoungua na jua. Na unalipa mara mbili.

Mkunazini

Assalaam alaykum wote. Natokea Unguja.

Huko kwenye picha zao mmeona vile viti vya mbao vyenye kukalia kwa kamba? Maarufu kuliko vyote ni cha Hans Wegner wa Denmark, alikichora mwaka 1949, na kile cha kukalia kinafumwa kwa kamba ya karatasi, karibu mita 120 kiti kimoja. Sasa jamani, sisi watu wa pwani tunafundishwa kufuma kamba? Vitanda vya kamba tumezaliwa juu yake. Mtafuteni seremala apige fremu nyembamba ya mninga au paini, mpeni mama wa kufuma, mtapata kiti kinachopitisha hewa mgongoni. Kochi la sponji lenye kitambaa cha velveti kwa joto letu ni adhabu.

Sakafuni msinunue zulia la manyoya. Mkeka wa ukindu usiotiwa rangi, ule wa rangi yake mwenyewe, unafagiliwa, unaanikwa, na hauhifadhi unyevu. Taa nazo: kapu la ukili lililofumwa wazi ukilipindua ni kivuli cha taa. Hakikisheni tu balbu ni ya LED isiyochemka, na isikaribiane na ukili.

Msafiri wa Göteborg

Sheikh Mkunazini umemaliza. Naongeza kwenye taa, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi za kwetu zinakufa. Tunaweka taa moja nyeupe katikati ya dari, ile ya 6500K (namba ya rangi ya mwanga, ikipungua mwanga unakuwa wa manjano), sebule inakuwa duka la simu. Huku karibu hakuna anayewasha taa ya dari jioni. Kuna taa ndogo tatu nne kila moja mahali pake: mezani, pembeni ya kochi, dirishani. Mdenmaki Poul Henningsen tangu miaka ya 1920 alishughulika na jambo moja tu, kivuli cha taa kiifiche balbu machoni mwako na mwanga uteremke ukiwa umelainika.

Soma kwenye boksi la balbu: 2700K au 3000K. Bei yake ni ile ile ya nyeupe kali. Kwa milioni 14, hakuna shilingi itakayobadilisha nyumba kuliko hiyo.

Mpangaji Mstaafu

Wakuu nashukuru. Nimekaa na mama watoto na kalamu, tumegawa hivi. Umeme milioni 2.6. Bomba na bafu 3.1, pinki inabaki ukutani, inapigwa grauti mpya nyeupe (ile ya kuziba kati ya marumaru), sakafu tu ndiyo inabadilishwa. Tarazo 1.1. Vioo vya luva na nyavu za mbu laki 9. Kuta, puti na rangi milioni 2. Jiko 1.9. Mbao na samani 1.2, taa laki 4, na laki 8 hazina jina, ni za dharura.

Mnaona 5.7 zinaingia ukutani hazionekani tena. Mama watoto amekubali kwa shingo upande.

Fundi Randa, kwenye jiko: kabati zote nitupe?

Fundi Randa

Usitupe. Fungua moja ya juu uangalie mabanzi ya pembeni. Kama ni makavu na skrubu zinakaza, boksi linabaki, unabadilisha milango na bawaba. Zilizooza ni zile za chini ya sinki, hizo piga mpya kwa blokbodi, siyo MDF, na ziinue kwa miguu ya plastiki ili ukideki maji yasizifikie. Milango iwe bapa tu, bila michongo, bila vitasa vya dhahabu. Toboa tundu la kidole au kata ukingo wa juu kwa mshazari.

Milango ya juu toa upande mmoja kabisa, weka rafu mbili za paini. Hapo utabana matumizi na mama atalazimika kubaki na sahani anazozitumia.

Mama Kijacho

Fundi, hayo ya sahani muachie mama mwenyewe. Wageni wa msiba utawapakulia kwenye nini? Mimi mwenye seti ya sahani kumi na mbili za harusi sizitoi kwa sababu ya Mswidi.

Mtoto wa Umoja

😂😂😂 Mama Kijacho ameshinda.

Bi Nguzo

Ana hoja. Nyumba ya kwetu inapokea watu. Jenga benchi refu ukutani lenye mfuniko, ndani yake ndiyo stoo ya sahani, sufuria kubwa na magodoro ya wageni. Sebule inaonekana tupu, vitu vipo. Hata hao wenye mtindo wana stoo kwenye vyumba vya chini vya majengo yao, ila haipigwi picha.

Msafiri wa Göteborg

Kweli kabisa. Fleti yangu ina kichumba chini ya jengo, nimejaza mpaka mlango haufungi.

Mpangaji Mstaafu

Mrejesho wakuu, najua uzi umelala.

Mabomba yametoka. Moja la jikoni nimelihifadhi kama kielelezo, ukichungulia upande mmoja huoni mwanga upande wa pili. Umeme umekamilika, na fundi alikuta soketi za chumba kikubwa zina tundu la arthi bila waya, kama alivyotabiri Bi Nguzo. Jirani wa chini nimemgongea hodi, dari yake ni kavu, na sasa anataka fundi wangu wa bafu.

Tarazo ndiyo habari ya mji. Kapeti lilipotoka gundi ilikuwa nyeusi kama lami, mke wangu akasema tuite wa marumaru. Mashine ilipopita mara ya kwanza palionekana vumbi la kijivu tu. Walipofika kwenye jiwe laini wakamwaga maji, punje zikajitokeza, kuna nyeupe, nyeusi na chache za kijani kibichi ambazo hazikuonekana kabisa chumbani. Kati ya kila mraba kuna ukanda mwembamba wa shaba. Mama watoto alichuchumaa akawa anaufuata kwa kidole ukanda ule hadi mlangoni. Wa marumaru hakuitwa.

Kuta zina mkono wa kwanza. Paini imekaa chumbani inakauka, nyumba nzima inanukia utomvu.

Nina maswali mawili. Moja, Fundi Randa, nipake nini ili isigeuke manjano? Jirani yangu meza yake ya paini imekuwa rangi ya chungwa. Pili, jua la magharibi barazani bado linaunguza sebule hata nikifunga pazia.

Fundi Randa

Paini ikipigwa na jua lazima igeuke, hiyo ni asili yake. Unachoweza ni kuchelewesha. Achana na vanishi ya mafuta, hiyo yenyewe ni ya manjano tangu kwenye kopo. Tafuta ya maji, isiyong'aa, na kabla ya kupaka mkono wa kwanza changanya rangi nyeupe kidogo sana ndani yake, kijiko kwa lita, jaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Nyuzi za mbao lazima ziendelee kuonekana. Zikifichika umepaka rangi.

Msafiri wa Göteborg

Huku wanaosha paini kwa magadi makali halafu kwa sabuni nyeupe ya vipande, hiyo sabuni wanairudia kila baada ya muda, inabaki changa na ukiigusa ni kama kitambaa. Kwa unyevu wa Dar, na chai ya watoto mezani, mimi ningemsikiliza Fundi Randa.

Mkunazini

La jua: pazia la ndani limechelewa, joto limeshapita kioo limekuwa mgeni wako. Lizuie nje. Chukua mapazia ya mianzi ya kukunja kwa kamba, yaning'inize ukingo wa nje wa baraza, yafike usawa wa kiuno ili hewa ipite chini. Yafunge chini kwa kamba, upepo wa kusi usije ukayapeleka kwa jirani. Ila omba ruhusa kwanza, sura ya nje ya jengo ni ya wote.

Mpangaji Mstaafu

Katibu wa kamati nimeshampigia. Anasema nipeleke sampuli Jumamosi, na kama zinapendeza wao wenyewe wa ghorofa ya nne watazitaka, kwa hiyo niulize bei ya jumla. Mwenye kujua anayefuma mianzi kwa oda, Dar au Bagamoyo, anielekeze inbox.